Yule wa Uani

Jumatatu, mwezi wa tatu, tarehe 3

Kalamu hii inakwaruza, nisilaumiwe. Aliyeninunulia daftari ni mjukuu wangu, yule muuguzi. Ameniambia, "Bibi, andika chochote unachokumbuka cha watu wa kwetu." Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la nne, na wala sikuacha, niliachishwa nije kulea wadogo zangu. Akasema herufi ni zilezile. Mtoto huyu ana mdomo. Sijui kautoa wapi.

Haya. Baba yangu alikuwa fundi wa matofali. Nyumba hii ninayokaa aliijenga yeye; kila tofali alilifyatua kwa mkono wake, akalichoma, akalipanga. Hadi leo mtu akiniuliza mimi binti wa nani nasema binti wa Fundi, na wazee wote wanajua ni fundi gani. Mama alikuwa binti wa wauza nguo, watu wa kujisikia. Tulizaliwa wengi, tumebaki wawili: mimi na kaka yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, ambaye mpaka leo anaongea na watu kana kwamba wamechelewa kengele.

Hiyo ndiyo historia ya kwetu. Nimemaliza. Kurasa zilizobaki sijui nizijaze nini.

Alhamisi, tarehe 6

Mvua ya kwanza. Bati la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana, na fundi wa mwaka jana simu hapokei.

Jumanne, tarehe 11

Mjukuu amebandika karatasi kubwa ukutani sebuleni, kachora vijumba na mistari. Upande wa mama yangu umejaa mpaka mashangazi wa mashangazi. Upande wa baba kuna kijumba kimoja, kinaning'inia peke yake.

"Bibi, babu aliyekuzaa wewe hakuwa na ndugu hata mmoja?"

"Hakuwa naye. Wazazi wake walikufa yeye bado mdogo, akajilea."

"Mtoto mdogo akajilea vipi?"

"Kwa akili. Nyinyi ndio mnalelewa mpaka mna ndevu."

Ananiambia kazini kutwa anauliza wagonjwa: kwenu kuna kisukari? Kuna presha? Bibi yako alikufa na nini? Siku moja mwenzake akamgeuzia maswali hayohayo, akajikuta ameduwaa. Ndiyo maana anachimba. Nimemwambia baba yangu alikufa na uzee, kaandike uzee.

Jumamosi, tarehe 15

Leo tulikwenda makaburini. Mto unakula ukingo, na makaburi ya upande wa chini yanahamishiwa juu kilimani. Tumeambiwa kila familia ije ioneshe wa kwake kabla mvua haijakolea. Yasiyo na mwenyewe yatawekwa pamoja katika shimo moja.

Karani ni kijana mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu. Ana makopo mawili ya rangi. Kaburi lenye mwenyewe linatiwa nyeupe, lisilo na mwenyewe linatiwa nyekundu. Tukaenda naye safu nzima, mimi mbele, kaka na mwavuli wake nyuma, mjukuu ananishika mkono kana kwamba mimi ni yai. Baba, nyeupe. Mama, nyeupe. Wadogo zangu, nyeupe. Tukafika la mwisho, lililo karibu kabisa na mto. Fupi, limezungushiwa matofali, halina maandishi.

"Na hili, bibi?"

"Hilo si letu."

"Mbona liko kwenye safu yenu?"

"Hata kile kichaka kiko kwenye safu yetu. Nacho ukitie rangi?"

Karani akamtazama kaka. Kaka akatazama mto, kisha akasema, "Si letu." Tukatia sahihi sote wawili, na kijana akapiga brashi nyekundu.

Mjukuu akataka kujua ni la nani basi. Nikamweleza: ni la yule wa uani. Palikuwa na mwanamke mtumishi akikaa chumba cha nyuma nilipokuwa mdogo, hata shule sijaanza. Alikuwa haongei sana. Akikuogesha unalia, mikono yake inakwaruza kama gome. Alipokufa Baba akamzika hapo kwa huruma, kwa sababu hakuwa na kwao. Baba alikuwa mtu wa huruma.

Mtoto hakuridhika. Akachuchumaa kwenye matope kukagua yale matofali. "Bibi, kila moja lina shimo. La nini?"

Hapo nikamfundisha kidogo. Watu wa matofali, udongo ukishatiwa kwenye kalibu na kusawazishwa, kabla haujakauka kila mfyatuaji hubonyeza alama yake. Mtu wa nje hudhani ni ya kupendezesha. Siyo. Matofali ya wote yanachomwa tanuri moja. Likipasuka moja ndani ya moto lijulikane la nani, atukanwe mwenyewe. Alama ya Baba ilikuwa kidole gumba. Haya ya hapa yana bonde pana, kama mtu kagandamiza kisigino cha kiganja. Nikamwambia, "Unaona? Hata matofali yake si ya Baba. Nimesema si letu."

Akaniuliza, "Kwa hiyo mtumishi wa uani alikuwa anafyatua matofali?"

Nikamwambia ainuke, nguo inachafuka.

Alhamisi, tarehe 20

Mvua. Kuku wa jirani wamelala kwenye jiko langu la nje. Nimewafukuza kwa ufagio, na mwenyewe kanichungulia dirishani. Hatusemezani, mimi na huyo Mama Kuku, tangu kuku wake waliponimalizia mboga. Ni mzee kuliko mimi, lakini uzee si leseni.

Jumatatu, tarehe 24

Mvua. Ukuta wa uani umevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

Jumamosi, tarehe 29

Plasta ya ukuta wa uani imeanguka. Nilikuwa napepeta mchele nikasikia kishindo, nikadhani ni mwizi. Kutoka, nakuta kipande kikubwa kama mlango kimelala chini, na matofali yako nje, uchi, mekundu, yanatiririka maji.

Nikasogea nione kama yameoza. Hayajaoza. Matofali ya zamani hayaozi. Ila nikaona alama. Kila tofali lina bonde pana, la kisigino cha kiganja.

Nikajiambia, labda kipande hiki Baba alinunua kwa mtu. Alipungukiwa, akanunua. Nikaingia ndani nikachukua kisu cha jikoni, nikakwangua pembeni. Bonde. Nikaenda ukuta wa pili, upande wa chumba changu, nikakwangua. Bonde. Nikainama mpaka msingini, kiuno kinanitukana, na mvua inanipiga mgongoni. Bonde, bonde, bonde. Mjukuu aliporudi kutoka kazini alinikuta nimepanda kiti, nakwangua juu ya dirisha.

"Bibi! Unabomoa nyumba?"

"Nyamaza unishikie kiti."

Kidole gumba cha Baba nilikikuta juu ya linta. Mistari michache ya mwisho, pale bati linapokalia. Matofali yale hata anayejifunza ufundi angeyafyatua.

Nilimsubiri mtoto aseme neno ili nimkaripie. Alinivua kitenge kilicholowa, akanifunga kikavu.

Jumatano, mwezi wa nne, tarehe 2

Nimepika, nimekula, nimeosha vyombo. Sijasema na mtu.

Jumamosi, tarehe 5

Nimekwenda kwa Mama Kuku. Nimeandika hivyo kwanza ili nisijidai baadaye kwamba yeye ndiye aliyekuja.

Nilibisha hodi. Akanyamaza, nikajua yumo, kwa sababu redio ilizimwa. Nikabisha tena. "Nani?"

"Jirani."

"Jirani yupi? Mimi jirani yangu ana ufagio."

"Fungua, nimekuja kwa heri."

Akafungua, akanitazama kwanza mikono. Nikamwamkia vizuri, akaitikia, akanipa kigoda kibovu makusudi. Kile kizuri akakikalia mwenyewe. Nikamuuliza: wewe ulikuwa msichana mkubwa wakati uwanja wa matofali ukifanya kazi, unamkumbuka mwanamke aliyekuwa akikaa uani kwetu?

Akainuka akafunga mlango, kuku wasiingie.

"Fundi?" akasema.

"Simuulizii Baba. Namuulizia yule mwanamke."

"Na mimi nakujibu. Fundi alikuwa yule mwanamke. Mimi nilikuwa nikiwabebea maji ya udongo. Baba yako tulikuwa tukimwita Mdogo wa Fundi. Walifiwa na wazazi, yeye dada mkubwa, baba yako anatambaa. Akamlea kwa udongo. Alikuwa akianza kabla jua halijachomoza, na matofali yake hayapasuki. Wanaume walikuwa wakimpisha kuchagua sehemu ya tanuri. Unajua maana yake hiyo?"

Najua. Hakuna asiyejua. Katikati ya tanuri, panapoiva vizuri, haachiwi mtu hivihivi.

"Na nyumba yenu ile," akaendelea, "aliifyatua misimu mingi, ya mdogo wake, apate pa kuweka mke. Baba yako alikuwa akimsogezea udongo."

Nikamwambia mbona miaka yote hii anakaa ukuta kwa ukuta na mimi, ananisikia nikijiita binti wa Fundi, na hajafungua mdomo.

"Ungeniuliza lini? Tangu kuku wangu walipokula vile vijani vyako viwili hujaniuliza hata hali. Na nilidhani unajua. Nilidhani mnajua wote, mnaona haya tu." Kisha sauti ikamlegea. "Wewe mama yako alipokuzaa aliugua. Ulilelewa kwenye mgongo wa Fundi. Yeye anafyatua, wewe umefungwa mgongoni umelala, na udongo umekurukia mpaka kwenye kope. Mimi ndiye nilikuwa nikikufuta."

Nikamuuliza jina lake halisi. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Uwanjani hatukumwita jina. Fundi basi."

Nilirudi nyumbani nikaiangalia ile karatasi ya mjukuu. Kijumba kile kimoja. Nikasema na ukuta: alikuwa na dada. Baba alikuwa na dada.

Jumatano, tarehe 9

Nimekwenda ofisi ya makaburi. Nilimkuta yule kijana wa buti. Nikamwambia lile kaburi jekundu ni letu, alifute, apake nyeupe.

"Bibi, si ulisema si lenu?"

"Nimesema sasa ni letu. Rangi si yako ya kununua, unaionea uchungu wa nini?"

Akacheka, kisha akasema haiwezekani hivyo. Tulikataa wawili kwa sahihi, lazima tukubali wawili. Niende na kaka. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akasema tufanye haraka, mto unapanda, na wakianza wataanza na wale wa chini kabisa.

Njiani nilikuwa na furaha. Sitaki kudanganya. Nilijua kaka atashangaa kama mimi, atalia kidogo, atakuja.

Jumapili, tarehe 13

Kaka hakushangaa.

Nilimsimulia yote, ukuta, alama, Mama Kuku. Yeye anakoroga chai. Nikamaliza, bado anakoroga. Nikasema, "Weka kijiko chini! Unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Baba anaumwa."

Basi ndiyo hadithi hii, naiandika kama alivyoitoa, kwa kuvutavuta kama mtu anayeng'olewa. Baba alipokwenda kumposa Mama, wauza nguo waliuliza watu wa kwao ni nani. Wakasikia uvumi kwamba kuna mwanamke anashinda kwenye matope na wanaume, kifua wazi, anapakia tanuri. Wakasema kama huyo ni wa damu yake, binti yetu hatoki. Dada mtu ndiye aliyesema, "Waambie mimi ni mtumishi. Uchukue mke. Nitakaa uani." Akasema ni kwa siku ile ya posa tu, au mpaka bibi harusi azoee. Ikaja siku ya pili, ikaja ya tatu. Akazaliwa kaka, nikazaliwa mimi. Hakuna aliyepata siku nzuri ya kusema. Akafa ni mtumishi.

"Mama alijua?"

"Nadhani alijua mapema sana. Akanyamaza, kama wengine."

"Na wewe?"

Akatoa miwani akaifuta, na haikuwa na kitu. "Baba aliniita kitandani. Akasema, waambie wenzio yule alikuwa dada yangu, mumwite shangazi. Nikaona Mama bado yuko hai, nitamfedhehesha. Mama akafa. Nikaona sasa ya nini, kuamsha mambo."

"Ya nini! Nimesimama juu ya kaburi la shangazi yangu nikasema si letu, na wewe umeshika mwavuli!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

"Twende kesho tukatie sahihi."

Akasema haendi. Akasema mji mzima unamheshimu Baba, barabara ile wanaiita kwa Fundi, na mimi nataka kumwonesha mtu aliyemficha dada yake uani na kujivika ufundi wake. Nikasema mimi sitaki kuonesha kitu, nataka rangi nyeupe. Akasema ukitia rangi watu watauliza. Nikamwita jina nisiloweza kuandika hapa, mjukuu atasoma. Nikaondoka bila chai.

Na ukweli ni kwamba njia nzima Baba nilimkasirikia kuliko kaka. Nilimkasirikia kwa ile huruma niliyomsifia.

Alhamisi, tarehe 17

Nimempigia kaka. Mkewe anasema amelala. Saa nne asubuhi.

Jumanne, tarehe 22

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Mjukuu alipotoka kazini alipitia kwa kaka, kalowa chapachapa, akarudi mikono mitupu. "Babu anasema nisiingilie mambo yake." Nikamwambia asingeenda, atapata homa. Akasema, "Bibi, kazini nimeona watu wengi wanafariki. Wale wenye watu, wakiagwa, kuna mtu anakuja. Wale wasio na mtu tunawafunika sisi. Basi nakuwa nafikiri kuna mtu mahali fulani anasema si wetu."

Nilikuwa nadhani mtoto huyu ni mdomo tu. Nimempakulia nyama yote iliyokuwepo.

Jumatatu, tarehe 28

Daraja dogo limefunikwa na maji. Nimeshindwa kwenda popote. Nimekaa dirishani, natazama ukuta. Alifyatua haya yote kwa ajili ya nyumba ambayo yeye hakulala ndani yake hata mara moja. Chumba cha uani, nakikumbuka, kilikuwa cha udongo na fito. Hakuna tofali hata moja. Kilianguka zamani, tukapanda migomba.

Ijumaa, mwezi wa tano, tarehe 2

Kaka amekuja. Niliposikia hodi nilidhani Mama Kuku. Yuko mlangoni, suruali imekunjwa magotini, viatu kavishika mkononi, mvua inamshuka puani. Mwalimu mzima. Akasema, "Twende."

Sikumuuliza kimembadili nini. Akajisemea mwenyewe barabarani: alimwota Baba anakoroga chai. Nikamwambia ndoto ya kijinga. Akasema ndiyo, ya kijinga. Tukaendelea, nimemshika mkono, au yeye kanishika, kwenye matope hujui.

Ofisi ilikuwa imefungwa. Tukashuka makaburini wenyewe. Mto ulikuwa umefika nusu ya safu yetu. Baba na Mama walikuwa hawapo, wamehamishwa, mashimo yamejaa maji. La mwisho halikuwepo kabisa, wala shimo, wala ukingo. Palikuwa mto.

Yule kijana tulimkuta juu, kwenye turubai, na wachimbaji wanakunywa uji. Kuniona tu akasimama.

"Wale wa chini tulianza nao Jumatano, bibi. Maji yaliingia. Tuliwatoa wote wekundu kwa siku moja, kwenye mvua, hatukuweza kuwatenga. Wako pamoja."

"Mbona hukungoja?"

"Nilingoja," akasema. "Nilikuwa nikiangalia njia kila siku. Wiki tatu, bibi."

Kaka alikuwa amekaa chini, kwenye matope, viatu bado mkononi.

Jumatatu, tarehe 5

Sikuandika. Leo pia sina la kuandika.

Alhamisi, tarehe 8

Mama Kuku kaja na mayai. Hakusema pole. Kakaa nami mpaka jua lilipotoka kidogo, kisha likaingia tena. Alipoondoka akaniambia, "Alikuwa akiimba kwa pua, akifyatua. Hilo sikukuambia." Nikamwambia aimbe nisikie. Akajaribu. Imemtoka vibaya, tumecheka kama wendawazimu.

Jumatatu, tarehe 12

Leo tumepanda kilimani, mimi na kaka na mjukuu. Mvua imepumzika. Baba na Mama wamewekwa vizuri, na vibao vyao. Tuliwapita. Niliwaambia, "Tunarudi," maana adabu ni adabu, lakini sikusimama.

Lile kaburi la pamoja liko pembeni, ni tuta kubwa la udongo mbichi kama shamba lililotoka kulimwa. Kibao kimoja: Wasiojulikana. Karani alikuwa anapima mistari ya kamba. Nikamwita.

"Kijana. Hawa nani kawachukua?"

"Hakuna, bibi. Ndio wasio na watu."

"Ukitaka kuchukua mtu hapa unafanyaje?"

"Huwezi kuchukua mmoja. Hawatenganishiki."

"Sijasema mmoja."

Akanitazama, akamtazama kaka, kama siku ile. Nilidhani kaka atanivuta mkono, aseme nisiwape watu cha kuongea. Kaka akasema, "Mwandikie. Na mimi natia sahihi."

"Wazee wangu, humo wamo watu wengi. Siwajui hata mimi. Mkishawachukua, usafi ni wenu, mimea ni yenu, mvua ikibomoa tunawaita nyinyi."

"Tumebomolewa mengi," nikasema. "Andika."

Akatoa kalamu. Akauliza, kwa adabu, maana ni mtoto mwenye adabu, nimekuwa nikimwonea, "Niandike ni nani wenu?"

"Shangazi."

"Wote?"

"Wote."

"Bibi, humo wamo na wanaume."

"Nao waandike shangazi. Watazoea."

Kaka akacheka. Alipotulia akavua kofia, akasogea mpaka kwenye ule udongo, mzee wa miaka themanini, akainama kama mtoto aliyetumwa kuwaamkia wageni.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

Maisha yetu yote hatukuwahi kumwamkia. Hatukuambiwa. Na mimi nikaamkia. Na mjukuu akaamkia. Tukasimama pale kidogo, kama mtu anavyosimama kungoja aitikiwe. Kisha tukashuka taratibu, mawingu yalikuwa yanarudi.